Cheti ninacho, darasani sikuingia

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri,

Nimesoma safu hii kwa miaka, na sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa mimi ninayeandika. Naomba usinitaje jina. Mombasa si mji mkubwa kihivyo, na wahasibu tunajuana.

Nina miaka 41. Nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya kusafirisha makontena, na ni mwanachama wa taasisi ya wahasibu ya Kenya, ICPAK. Kwa wasiojua, uanachama wetu si kulipa ada ya mwaka na kwenda zako. Kila mwaka unatakiwa uwe na saa 40 za mafunzo endelevu, hizi tunazoziita CPD: 25 za mafunzo rasmi, yaani semina, warsha au webina (semina za mtandaoni) zinazotambuliwa, na 15 za kujisomea mwenyewe. Zisipotimia, uanachama wako hauhesabiwi kuwa uko sawa. Na waajiri siku hizi wanadai barua ya kuthibitisha hilo kabla hata hawajakuita kwenye mahojiano.

Miaka ya mwanzo sikuwa na taabu. Kampuni ilinilipia, nami nilikwenda kwenye semina nikakaa viti vya mbele na daftari langu. Kisha ikaja korona, biashara ikayumba, na bajeti ya mafunzo ikawa ya kwanza kukatwa. Mwaka 2022 mama akapata kiharusi. Kaka yangu yuko Doha, mimi ndiye niliyebaki. Nikitoka kazini saa kumi na moja napanda matatu hadi Rabai, namlisha mama, namwogesha, namnyoosha mkono wake wa kulia kama tulivyoonyeshwa hospitali. Ikifika saa nne usiku nimekwisha.

Mwaka ule, Novemba ilinikuta na saa saba tu. Rafiki yangu niliyesoma naye, mhasibu pia, akaniambia: "Wewe una mzigo mkubwa. Nitumie namba yako ya uanachama, mimi nitakuingiza." Kuna kampuni moja ya mafunzo, sitaitaja, iliyokuwa ikifanya webina. Rafiki yangu alifungua simu mbili, moja kwa jina lake na moja kwa jina langu. Ada nilimtumia kwa M-Pesa, kwa hivyo pesa nililipa. Mtu aliyekuwa kwenye darasa ndiye hakuwa mimi. Nilijiambia ni karatasi tu. Mwaka uliofuata tukafanya hivyo tena, na uliofuata tena. Cheti kinakuja kwenye barua pepe, nakichapisha, nakitia kwenye faili ya bluu, na mwisho wa mwaka najaza saa zangu kama wenzangu.

Mwezi uliopita walikuja wakaguzi wa hesabu. Kampuni ya ukaguzi ni mpya, na aliyeletwa mezani kwangu ni kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wa dada yangu. Akaniuliza: "Shangazi, hii yadi ya Miritini mna mkataba wa miaka minane. Mbona siioni kwenye mizania?" Nikamjibu bila wasiwasi kwamba lile ni pango, tunaliandika kama gharama ya kila mwezi. Akanitazama. Hakunitazama kwa dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema polepole, "IFRS 16, Shangazi. Tangu 2019."

Nikueleze kwa kifupi. Kwa kiwango hicho cha kimataifa cha uhasibu, mpangaji mwenye mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja anatakiwa aonyeshe kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, ile haki ya kutumia mali aliyoikodi, na aonyeshe pia deni la pango ambalo bado hajalilipa. Zamani yadi zetu tulizipanga mwaka mmoja mmoja, jambo hili halikutugusa. Mkataba huu wa miaka minane tuliutia saini 2023, na mimi ndiye niliyeuandika vitabuni. Kwa hivyo kosa limo kwenye hesabu za miaka miwili iliyopita, na jina langu liko chini.

Usiku ule nilipofika nyumbani niliifungua faili ya bluu. Cheti cha tatu kutoka juu: mafunzo ya saa nne, mada ni uhasibu wa mikataba ya upangaji. Jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, hata lile la kati hawakulikosea. Nilikaa chini jikoni nikalia.

Sasa mambo yamenikalia matatu kwa mpigo. La kwanza, meneja wetu wa fedha anastaafu na nafasi imetangazwa ndani ya kampuni. Wote wananitazama mimi. Sharti mojawapo ni barua ya uanachama ulio sawa. La pili, rafiki yangu amenitumia ujumbe: "Nikuingize za Novemba? Tuma kama kawaida." Sijamjibu. La tatu ni msichana tuliyemwajiri Januari, amemaliza mitihani ya uhasibu ya KASNEB juzijuzi, ana bidii. Wiki iliyopita aliniuliza mbele ya watu: "Dada, wewe na mama mgonjwa, saa 40 unazipata vipi? Nifundishe." Nilijifanya simu yangu inaita.

Bi Mshauri, mimi si mvivu. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilipoondoka na makato mapya ya SHIF ya asilimia 2.75 yakaingia, mimi ndiye niliyekesha nikasoma sheria na kupanga upya mishahara ya watu sitini. Mfumo wa ankara wa eTIMS ulipokuja, mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu mmoja mmoja, mpaka wale vijana wa yadi. Hakuna aliyenihesabia saa hizo. Zile nilizohesabiwa ni karatasi tu.

Nijisalimishe? Ninyamaze nianze upya kimya kimya? Nijiondoe kwenye uanachama nibaki karani wa kawaida? Au nimjibu rafiki yangu "sawa", nipate barua, nipate kazi, halafu nijirekebishe nikiwa na mshahara wa kulipia semina?

Mwenye Faili ya Bluu, Mombasa


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na safari ya Rabai kila jioni. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nilikwama pale jikoni. Umeandika mara mbili kwamba vyeti vile ni karatasi tu, na katikati ya mara hizo mbili umesimulia jinsi karatasi moja ilivyokuliza. Nadhani tuanzie hapo kabla ya kufika kwenye kazi na barua na nafasi ya meneja.

Mimi si mhasibu. Nilikuwa mkunga, na sisi wauguzi nasi hatuhuishiwi leseni bila kuonyesha saa za mafunzo. Miaka mingi niliziona kama wewe ulivyoziona, kero ya mwisho wa mwaka. Kuna mwaka nilipelekwa kwenye mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Nilikwenda nimenuna. Nilikuwa nimeshapokea watoto nisiojua idadi yao. Tukapewa mwanasesere wa kufundishia, mfuko wa kupulizia hewa na kifuniko cha usoni. Mwalimu, binti mdogo wa rika la kifungua mimba wangu, akaniambia niminye. Kifua cha mwanasesere hakikuinuka. Nikaminya tena, wapi. Akausogeza mkono wangu kidogo tu, kidole gumba huku, vidole vitatu chini ya taya, akanionyesha kwamba hewa ilikuwa ikitokea pembeni ya shavu. Nilipofanya hivyo kifua kikapanda. Kwa mtoto asiyepumua tunafundishwa kuwa hewa iwe imeanza kuingia ndani ya dakika moja, na mimi kwa miaka nilikuwa nikipoteza sehemu ya hewa hiyo kwa namna nilivyokishika kifuniko.

Sikumshukuru yule binti siku ile. Nilimchukia mpaka jioni. Nakueleza haya kwa sababu naijua ile baridi inayopita tumboni mtu mdogo kwako anapokuonyesha, tena kwa adabu, kitu ambacho wewe ulipaswa kumwonyesha yeye. Aibu ya namna hiyo si ishara kwamba hufai. Lakini ina tabia moja mbaya: inamfanya mtu afiche zaidi. Na katika barua yako naona maswali yako yote manne yametoka kwenye aibu ile ya mezani kwa mkaguzi. Ningependa tuyatenganishe, maana yamefungwa fundo moja na kila moja lina njia yake.

Kwanza nikuoneshe jambo ambalo pengine hulioni kwa sababu umesimama juu yake. Kujifunza umejifunza. Ulikesha na makato ya SHIF. Uliusoma mfumo wa eTIMS mpaka ukaweza kuufundisha, na atakayekuambia kumfundisha kijana wa yadi kutoa ankara si mtihani, huyo hajawahi kufundisha. Wewe mwenyewe umeniambia kanuni yenu ina saa 15 za kujisomea. Je, usiku ule uliosoma sheria mpya uliuandika popote? Uliweka hata ukurasa mmoja wa daftari wenye tarehe, ulichosoma na ulichobadilisha kazini? Nahisi hukuandika. Saa ulizojifunza hukuziandika, na saa ulizoziandika hukujifunza. Hilo linaweza kuanza kurekebishwa wiki hii, bila ruhusa ya mtu na bila senti.

Sisemi hivyo ili kukupunguzia uzito wa vyeti. Kusoma makato ya mishahara hakukufundisha mikataba ya upangaji, na yadi ya Miritini ndiyo ushahidi. Nilimuuliza mhasibu mmoja wa zamani ninayemwamini, bila kumwambia habari zako, kwa nini vyama vyenu vinang'ang'ania saa hizi. Akaniambia kwamba shirikisho la wahasibu duniani, IFAC, ambalo taasisi yenu ni mwanachama wake, lina kiwango chake cha elimu, IES 7, kinachovitaka vyama vyote viwadai wanachama mafunzo endelevu. Akaongeza jambo lililonipendeza: kiwango hicho kinakubali kupima kwa saa, na kinakubali pia kupima kwa kile ambacho mtu amekuja kuweza kukifanya. Saa ni rahisi kuhesabu, ndiyo maana zinapendwa. Basi ukiwa peke yako unaweza kujipima kwa kipimo cha pili: kesho kijana yule akirudi na mkataba mwingine, nitaweza kumjibu?

Sasa yadi. Katika yote uliyoandika, hili ndilo lenye siku zake, kwa sababu wakaguzi hawasubiri. Umeniambia jina lako liko chini ya hesabu za miaka miwili. Hujaniambia kama umeshakwenda kwa meneja wako kumwambia kwamba kosa lipo na ni lako. Huenda umekwenda. Kama hujaenda, jiulize unachongoja. Yule mhasibu wangu anasema wenyewe mna kanuni ya kushughulikia makosa ya miaka iliyopita, IAS 8: likiwa ni kosa kubwa, mnarudi nyuma, mnazirekebisha takwimu za miaka ile na mnaeleza wazi kilichorekebishwa na kwa nini. Yaani taaluma yako haikutazamia kwamba hamtakosea. Kosa la yadi ni la kawaida kiasi cha kuandikiwa kanuni. Kuna hatari, sitakuficha: bosi anaweza kukuuliza ilikuwaje, na wenye hisa wanaweza kunung'unika deni likionekana kwenye mizania, hasa kama kuna benki inayotazama. Lakini mkaguzi ameshaliona. Litaandikwa kwa mkono wako au kwa wa mtu mwengine.

Utanikatiza hapa useme, "Bi Mshauri, wakiniuliza kama nilipata mafunzo ya jambo hili je?" Hapo ndipo yadi na faili ya bluu zinapokutana, na najua ndipo unapoogopa. Sitakuambia ujibu nini. Nakuomba tu ulifikirie jibu lako mapema, ukiwa umetulia, si mbele ya meza ya mtu. Swali likikukuta hujajiandaa, mdomo utachagua wenyewe, na mdomo wenye hofu huchagua vibaya.

Tuje kwenye njia zako.

Kujisalimisha kwa taasisi. Naiona heshima ya njia hii, na naona pia unavyoitamka kama mtu anayetaka kuadhibiwa ili apumue. Hayo ni mambo mawili tofauti. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 imeweka kamati ya nidhamu, na kamati si kikao cha maungamo. Ukifika kwao, mambo yatakwenda kwa utaratibu wao na si wako. Huenda wakakuangalia kwa huruma kwa kuwa umekwenda mwenyewe, huenda wasikuangalie hivyo. Na kumbuka hadithi yako ina watu wengine ndani: rafiki mwenye simu mbili na kampuni ile ya mafunzo. Ukisema lako umesema na lao. Kama moyo wako unakuvuta huko, usiende kabla hujakaa na wakili, hata kwa saa moja, ukajua unachokifungua. Kwa upande mwingine, watu waliotua mzigo wa namna hii wameniambia usingizi wao ulirudi. Hilo nalo lipimwe.

Kunyamaza na kuanza upya. Najua wengi wangekuambia ufanye hivi, na ina busara yake: kuanzia leo hakuna saa ya uongo, unaingia mafunzo yale yale ambayo cheti chake unacho, unayafanya kwa kweli, hata kama hakuna atakayekuhesabia mara ya pili. Hatari yake ni kwamba njia hii inafanana mno na kutokufanya kitu. Tofauti ya mtu anayejirekebisha kimya kimya na anayeficha kimya kimya haionekani kwa jirani, unaijua wewe peke yako. Ukiichagua, ningependa ujiwekee alama zinazoonekana: tarehe, mada, daftari, na mtu mmoja angalau anayejua ukweli wote. Pengine mtu huyo kwa sasa ni mimi. Lakini mimi niko mbali, na mtu wa karibu ni bora.

Kujiondoa. Mwanangu, hili umeliandika kwa hasira juu ya nafsi yako. "Nibaki karani wa kawaida," umesema, kama kwamba makarani hawakosei yadi. Inawezekana ukafika mahali ukaona kwamba kwa miaka hii ya mama, uanachama ni mzigo usioweza kuubeba, na hilo si dhambi. Lakini uamuzi huo ungefanywa kwa hesabu, si kwa toba: utapoteza nini, utaokoa nini, kurudi kukoje. Na kabla ya kutoka, uliwahi kuandika kuwauliza? Uliwahi kuwaambia, "Ninauguza, miaka hii siwezi saa zote, kuna utaratibu gani kwa mtu kama mimi?" Umeandika barua ndefu na hakuna mahali ulipotaja kuuliza. Ulidhani jibu ni hapana na ukaishi na hapana hiyo kwa miaka mitatu. Labda kweli ni hapana. Labda kuna mlango. Swali hilo unaweza kuliuliza bila kueleza jambo jingine lolote.

Kuna na suala la gharama, kwa maana semina za siku kadhaa hotelini si za mfuko wa mtu anayeuguza. Lakini mafunzo si semina za hoteli peke yake. Zipo webina fupi. Matini ya viwango vyenyewe, hiyo IFRS 16 na nyinginezo, unaweza kuisoma bila malipo ukijisajili kwenye tovuti ya wakfu unaovitunza. Mhasibu wangu alinitajia kwamba kuna kiwango kipya, IFRS 18, kinachoanza kutumika tarehe 1 Januari 2027, na kitabadilisha jinsi taarifa ya mapato inavyopangwa. Kampuni yako itakihitaji. Je, ungeweza kwenda kwa mkurugenzi na ombi dogo, usiseme "nilipieni semina", useme "tuna yadi tuliyoikosea na kiwango kipya kinakuja, nipeni siku tatu za mafunzo mwaka huu"? Bosi aliyeona kosa lina gharama huwa msikivu kuliko aliyeombwa wakati wa amani.

Njia ya nne ndiyo uliyoiweka mwisho: sema "sawa", upate barua, upate kazi, kisha ujirekebishe. Naiheshimu kwa kuwa umeitaja waziwazi, wengi wangeificha. Nakuuliza tu mambo mawili. Miaka mitatu iliyopita ulikuwa unangoja nini kabla ya kujirekebisha, na je, umeneja utakupa muda zaidi au utakupunguzia? Na ukiwa meneja, kijana wa ukaguzi atakapouliza swali, hakutakuwa na mtu juu yako wa kulishika kwanza. Nafasi hiyo pengine unaistahili kweli. Ninavyokusoma, kampuni inakuamini kwa kazi ya usiku uliyoifanya. Lakini kuingia kwenye kiti ukiwa na jambo ambalo mtu mwingine analijua, naye ana ujumbe wako wa M-Pesa, ni kuingia umefungwa kamba mguuni.

Hapo nimemgusa rafiki yako. Ameonekana kwenye barua kama mtu mwema, na sidhani kama ni mbaya. Alikuona umechoka akataka kukupunguzia. Lakini je, hajawahi kukuuliza kama unataka akusimulie kilichofundishwa? Miaka mitatu amekaa darasani kwa niaba yako, angeweza kuja Rabai Jumapili moja na daftari lake, mkakaa ukumbini mama akiwa pembeni, akakufundisha. Usaidizi huo bado unaweza kumwomba. Na ujumbe wake wa Novemba hauhitaji hotuba. Unaweza kumwandikia, "Mwaka huu usiniingize, ila njoo tusome pamoja," ukaona atakavyojibu. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu urafiki wenu, na pengine kuhusu saa zake yeye pia.

Msichana wa KASNEB nimemweka nyuma kwa sababu ndiye anayeniuma. Kanuni zenu za maadili, nimeambiwa, zinamtaka mhasibu ahakikishe walio chini yake wanapata mafunzo na uangalizi unaofaa. Kwa hiyo alipokuuliza "nifundishe" hakuuliza jambo la umbeya, aliuliza jambo ambalo ni haki yake. Usimdanganye, na si lazima umfungulie faili yote. Kuna ukweli wa kati: "Sikuzipata vizuri, mama alipougua nilishindwa, na kuna mambo nilikosa kuyajua kwa sababu hiyo." Sentensi hiyo haina uongo ndani. Mwanamke mdogo anayeanza kazi akiisikia kutoka kwa mtu anayemheshimu, nadhani itamsaidia. Na mkataba wa Miritini upo. Mngeweza kuukalia nyote wawili, mkapiga hesabu ya deni mwaka kwa mwaka mpaka wa nane. Wewe utajifunza, yeye atajifunza, na siku hiyo andikeni tarehe.

Nina swali jingine, na lipokee kwa wema. Umeandika "mimi ndiye niliyebaki". Kaka yuko Doha, sawa, lakini mtu wa Doha ana simu na ana mshahara. Amewahi kuombwa alipie mtu wa kukaa na mama jioni mbili kwa wiki? Mara nyingi sisi mabinti hutangaza kwamba tuko peke yetu kabla hatujawauliza wengine. Nami nimewahi kuwa binti wa namna hiyo. Jioni mbili kwa wiki ni saa za kutosha kusoma, na nyingine za kulala tu.

Sijakuchagulia njia, na najua ulitamani nikuchagulie. Naona lakini kwamba baadhi ya mambo hayangoji uchague: yadi, ujumbe wa rafiki, daftari lenye tarehe. Hayo matatu ukiyafanya, njia kubwa unaweza kuitazama ukiwa umesimama vizuri zaidi. Niandikie tena ukishaongea na meneja, au hata kabla, kama utaona miguu inatetemeka.

Na kuhusu mkono wa mama. Pengine hospitali walikwisha kukuambia, lakini mkunga mzee hawezi kunyamaza: unapomgeuza au kumnyoosha, usiuvute kwa kiganja. Ushikilie kwa chini, mkono wako mmoja kwenye kiwiko na mwingine ukishika bega, uuinue taratibu, na usimame anapokunja uso. Bega lililolegea kwa kiharusi huumia upesi. Msalimie sana, mwambie kuna mtu huku anamuuliza hali.